Chai ya Kitini: Hukumu ya Kula na Kunywa Katika Mabanda ya Sinema

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeletewa suala na mama mmoja mjane, anayeishi katika moja ya miji midogo iliyo kando ya barabara ya Mombo kupanda Lushoto. Mama huyu huuza chai, maandazi na kashata ndani ya banda la video. Hakai mlangoni, bali hupita katikati ya mabenchi na birika lake, akimhudumia kila mtazamaji pale alipoketi. Mwezi wa Ramadhani alipeleka sinia la futari madrasa, kama alivyozoea kila mwaka. Sinia likarudishwa likiwa limejaa, naye akaambiwa kuwa chumo lake ni haramu kwa sababu linatoka katika nyumba ya upuuzi. Anauliza: Je, ni kweli? Na je, kile alichowalisha wanawe kwa miaka yote hiyo kilikuwa haramu?

Ndugu msomaji, suala hili si dogo. Kuhalalisha haramu ni dhambi, na kuharamisha halali ni dhambi vilevile. Tumeona basi tulieleze kwa utaratibu.

SURA YA SUALA

Kula na kunywa huku mtu akitazama sinema hakukuanzia milimani kwetu. Mwaka 1966 ilifunguliwa Dar es Salaam sinema ya wazi ya kutazamwa kutoka ndani ya magari, na familia zilikwenda na vyakula vyao zikila huku zikitazama. Mwaka 1997, katika mji wa Austin, Texas, nchini Marekani, lilifunguliwa jumba liitwalo Alamo Drafthouse, ambamo mtazamaji huagiza chakula na kinywaji, pombe ikiwemo, akaletewa kitini pake picha ikiwa inaendelea. Mtindo huu umefika hata Dubai. Saudi Arabia nayo, iliyokaa bila ya majumba ya sinema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyafungua tena mwaka 2018. Banda letu la mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni ni la ukoo huohuo, ila ni ndugu yao maskini.

Wala sinema yenyewe si ngeni Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, palikuwa na makao ya mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Filamu fupi zilitengenezwa kuhusu minyoo ya safura, kuweka akiba Posta, kilimo na mengineyo. Zikapakiwa katika lori na kuonyeshwa vijijini Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Yaliyomo katika filamu hizo yalikuwa na fikra za kikoloni, na hilo lina mjadala wake. Tunachotaka kionekane hapa ni kwamba chombo kilichomfundisha mtu kujikinga na safura ndicho hichohicho kinachoweza kumwonyesha uchafu. Hukumu haiwi juu ya chombo, bali juu ya kinachobebwa na chombo hicho.

FUNZO LA KAHAWA

Wanazuoni waliotutangulia walikutana na suala linalofanana sana na hili. Mwaka 917 Hijria, sawa na 1511 Miladia, Khair Beg, msimamizi wa masoko wa Makka, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kinywaji kwa kuzungushiana. Kilikuwa kahawa. Kinywaji hiki kilikuja kutoka Yemen, ambako watu wa tasawwuf walikitumia ili wakeshe katika dhikri. Khair Beg aliwakusanya wanazuoni wa mji, akawaeleza kuwa kahawa inanywewa mahali penye michezo na mambo yasiyofaa.

Wanazuoni walitenganisha mambo mawili. Kuhusu vikao vya namna hiyo, walisema vinastahiki kukatazwa. Ama kuhusu buni yenyewe, walisema asili ya vitu ni uhalali, mpaka madhara yake yathibitishwe na wajuzi wa tiba. Wakaletwa matabibu wawili, wakashuhudia kuwa ina madhara, na kahawa ikapigwa marufuku. Lakini habari ilipofika Cairo, amri iliyorudi ilikataza mikusanyiko miovu bila ya kuharamisha kinywaji. Kisa hiki ameturithisha Abdulqadir al-Jaziri katika kitabu alichokiandika ndani ya karne hiyohiyo.

Leo nani miongoni mwetu hanywi kahawa barazani baada ya Isha? Lau wale waliochanganya kikombe na kikao wangefuatwa, tungekuwa sote tumeharamishiwa jambo la halali.

MAMBO MATATU YA KUTENGANISHA

Jambo la kwanza ni kinachoonyeshwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, alieleza kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, wala si kuchonga umbo. Wako wanazuoni waliompinga, na ikhtilafu hiyo inajulikana. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye, katika kitabu chake cha halali na haramu kilichotoka mwaka 1960, aliijadili sinema na kuijuzisha kwa masharti: yaliyomo yasalimike na uchafu na yanayopinga itikadi, isimshughulishe mtu na wajibu wake, hasa Sala, na pasiwe na mchanganyiko wa kutilia shaka baina ya wanaume na wanawake. Filamu ya uchi haina mjadala. Ni haramu kuionyesha, kuitazama na kuilipia.

Jambo la pili ni kikombe na malipo yake. Kiingilio cha banda ni ijara, yaani mtu hukodi nafasi na manfaa ya kutazama. Chai ni bei, yaani mauzo. Mtazamaji akinyoosha mkono, akapokea kikombe na kutoa sarafu bila ya kutamka neno, hiyo ni mu'atah. Rai mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi huhitaji tamko, lakini Imam Nawawi aliichagua rai ya kusihi kwake katika kila ambacho desturi inakihesabu kuwa ni mauzo.

Na ikiwa mwenye banda atatoza bei moja kwa kiingilio pamoja na soda? Hapa zimekutana ijara na bei katika mkataba mmoja. Katika al-Minhaj, Imam Nawawi ameeleza kuwa kwa kauli iliyo dhahiri zaidi yote mawili yanasihi, na bei hugawanywa kwa kufuata thamani ya kila kimoja. Faida ya mgawanyo huu huonekana umeme unapokatika katikati ya picha. Sehemu ya soda iliyokwisha kunywewa hairudishwi. Sehemu ya ijara iliyobaki huvunjika, na mtazamaji ana haki ya kurudishiwa kadiri ya alichokikosa. Wenye mabanda wengi hawalijui hili, nao hula haki za vijana.

Jambo la tatu ni kikao na wakati. Imepokewa kwa Jabir (R.A.), naye Tirmidhi ameitaja, kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza muumini kuketi kwenye meza inayozungushiwa pombe. Kwa hiyo banda linalouza bia, au pombe yetu ya miwa, halikaliki, hata kama kikombe cha mtu mwenyewe kina maji matupu. Ama wakati, Magharibi ya kwetu huingia kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na hapo ndipo mabanda yanapojaa. Mechi ya Uingereza inayoanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu huwa na mapumziko kiasi cha robo saa baada ya adhana. Mwenye banda akitandika mkeka nyuma ya banda na kuweka ndoo ya maji, hatapoteza mteja hata mmoja, naye atapata ujira wa kila aliyesali.

JIBU LA MAMA

Baada ya maelezo hayo, tunamjibu mama yetu kama ifuatavyo. Chai yake ni halali, maandazi yake ni halali, na thamani yake ni halali. Wanazuoni walipozungumzia kumuuzia zabibu anayejulikana kuwa ataigeuza pombe, walikataza kwa sababu zabibu ile ndiyo inayogeuka kuwa maasi. Chai haigeuki kuwa filamu. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alinunua chakula kwa Yahudi na kumwekea rehani deraya yake, wala hakumpekua mapato yake yametoka wapi.

Lakini tunamnasihi. Aya ya pili ya Suratul-Maida inakataza kusaidiana katika dhambi. Siku anapojua kwamba patakuwa na filamu chafu au pombe, asiingie na birika lake, kwani huduma yake humfanya mtazamaji akae zaidi. Auze nje, barabarani. Allah hamuachi mwenye kuacha kitu kwa ajili Yake.

Ama waliorudisha sinia, nao tuna neno kwao. Baadhi yao huonekana katika mabenchi yaleyale siku za mpira, wakinywa chai ileile. Ikiwa ni halali kwao kuinywa, imekuwaje haramu kwa mjane kuiuza? Waende nyumbani kwake wamtake radhi, na Ramadhani ijayo wapokee futari yake kwa mikono miwili.

Wallahu a'alam.