Miaka Miwili na Mtu Usiyemchagua

Mmisionari wa Kimormoni akishafika kituoni kwake, mahali pekee anaporuhusiwa kuwa peke yake ni bafuni. Kwingine kote, iwe barabarani, sokoni, jikoni au kanisani, kanuni inamtaka awe pale ambapo mwenza wake anaweza kumwona na kumsikia. Wanalala chumba kimoja, vitanda viwili. Akiugua mmoja, wote wawili wanashinda ndani. Mambo huenda hivyo kwa miezi 24 kwa wavulana na 18 kwa wasichana, na likizo ya katikati haipo.

Sisi tunaowaona wakipita wawili wawili, shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani, huwa tunadhani habari yao ni milango: wanabisha, wanafukuzwa, wanabisha kwingine. Hata wao wakisimulia baadaye husimulia milango, kwa kuwa milango ina vichekesho. Lakini ukifuatilia taratibu zao kwa makini utaona kwamba mlango huchukua dakika mbili, mara nyingi pungufu. Anayemchosha kijana, na pengine anayemkuza, ni yule aliyesimama kando yake hapo mlangoni: mtu ambaye hakumchagua, hawezi kumkataa, na ambaye baada ya wiki sita huenda asimwone tena.

Kanisa lenyewe, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lina makao yake Salt Lake City, Utah. Kijana haombi nchi. Anajaza fomu, anapimwa na daktari, anakaguliwa meno, anahojiwa na askofu wake, kisha mmoja wa mitume wa kanisa anaketi mbele ya skrini yenye picha yake na kuamua aende wapi. Kwa miaka mingi jibu lilikuja kwa posta katika bahasha kubwa nyeupe, na ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kusikia ikisomwa. Tangu 2018 linakuja kwa mtandao, na ukoo unakusanyika vilevile. Mmoja husoma kwamba anakwenda Brazili. Mwingine husoma kwamba anakwenda Idaho, jimbo jirani, naye pia hutakiwa ashangilie.

Fedha hutoka mfukoni mwake na mwa wazazi wake. Zamani kila familia ya Marekani ililipa gharama halisi za mahali mtoto alikopelekwa, kwa hiyo baba wa kijana aliyeitwa Japani alikonda kuliko baba wa aliyeitwa Guatemala, ingawa Mungu aliyewaita ni mmoja. Mwaka 1991 mchango ukasawazishwa kwa wote. Baadaye ulifika dola 400 kwa mwezi, na Julai 2020 ukapanda kuwa dola 500. Kwa vijana wa nchi maskini kanisa huchangia sehemu kubwa kutoka mfuko wake.

Kabla ya safari kuna kituo cha mafunzo. Kikubwa kuliko vyote kiko Provo, Utah, na vingine viko Accra, Manila, São Paulo na kwingineko. Anayejifunza lugha ngeni hupewa wiki chache tu, na walimu wake ni vijana waliorudi kutoka huko huko anakokwenda. Wanamwanzisha kwa kusali katika lugha hiyo tangu siku za mwanzo kabisa, hata kama maneno anayoyajua ni baba, asante na tafadhali.

Siku ya kawaida huanza saa 12:30 asubuhi. Mazoezi ya viungo, kifungua kinywa, saa moja ya kusoma maandiko kila mmoja kivyake, nyingine ya kusoma na mwenza, na aliye ugenini huongeza muda wa lugha. Mnamo saa 4 wako nje. Saa 3 usiku warudi, saa 4:30 taa zizimwe. Mwaka 2017 ratiba ililegezwa kidogo ili ifuate desturi za kila nchi. Siku moja ya wiki ni ya maandalizi: kufua, kununua chakula, kunyoa, kuwaandikia wazazi, pengine kutembelea jumba la makumbusho. Kuogelea hakuruhusiwi, hata kama umetumwa kisiwani.

Kuona milango yenyewe ilivyo, chukua Ufaransa, ambako Mitt Romney, aliyekuja kugombea urais wa Marekani mwaka 2012, alipelekwa mwaka 1966 akiwa na miaka 19. Baba yake alikuwa gavana wa Michigan. Kijana akatoka kwenye nyumba yenye nafasi akaingia katika vyumba vya kupanga vya Le Havre, kuhubiri dini isiyotaka divai wala kahawa katika nchi ambayo bila viwili hivyo hakuna mazungumzo yanayoanza wala kwisha. Vita vya Vietnam vilikuwa vimechacha, na wenye nyumba waliposikia lafudhi ya Kimarekani walitaka kujua kwanza majeshi yake yanatoka lini kule. Sentensi ya kwanza aliyoikariri mmisionari inamtosha hadi mwenye nyumba ajibu. Baada ya hapo ni yeye na Mungu wake.

Mwaka 1968 nchi ilisimama kwa migomo ya Mei, na mwezi uliofuata gari aliloliendesha Romney likagongwa uso kwa uso na gari lililohama upande wake. Mke wa rais wa misheni, yaani msimamizi wa vijana hao, alifariki, na Romney mwenyewe alidhaniwa amekufa. Rais wa misheni alirudi Marekani kuzika, na kwa muda vijana wenyewe ndio waliobaki wakiendesha shughuli. Lengo la misheni nzima kwa mwaka huo lilikuwa kubatiza watu 200, nao walilifikia. Ni misheni iliyokuwa na vijana zaidi ya mia moja wakishinda kutwa nzima ngazini na barabarani. Mtu wa mahesabu angeifunga biashara hiyo kabla ya Krismasi.

Kanisa linajua hesabu hizo. Kwa miongo mingi viongozi wamewahimiza waumini wawapeleke wamisionari kwa rafiki na jirani zao, kwa kuwa mtu anayetambulishwa na anayemfahamu husikiliza kuliko anayegongewa na wageni wawili saa ya chakula. Bado kugonga kunaendelea, na siku hizi kumeongezewa simu na Facebook, hasa baada ya Machi 2020 ambapo korona iliwafungia ndani na maelfu yao wakarudishwa makwao kwa haraka.

Turudi kwa mwenza. Mswahili akiusikia utaratibu huu atakumbuka ndoa za kuozwa: rais wa misheni ndiye mshenga na ndiye kadhi, talaka hutazamiwa kila baada ya wiki sita, na eda hakuna. Rais huyo si kasisi wa kazi. Ni mtu mzima aliyeacha shughuli zake, pengine uwakili au biashara, akaja na mkewe kwa miaka mitatu, na chini yake ana vijana mia na ushei. Kila zinapotimia wiki sita hutangaza uhamisho: nani abaki, nani afunge virago, nani apangwe na nani. Wengine hukaa na mwenza mmoja vipindi viwili au vitatu. Wengine huhesabu siku.

Mwenza wa kwanza ni mkufunzi, na mara nyingi amemtangulia mwanafunzi wake kwa miezi michache tu. Hali ilikuwa hivyo zaidi baada ya Oktoba 2012, umri wa kuanza uliposhushwa hadi miaka 18 kwa wavulana na 19 kwa wasichana, na idadi ya wamisionari ikaruka kutoka chini ya elfu 60 hadi zaidi ya elfu 80 kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Wasichana, ambao awali walingoja hadi miaka 21, walimiminika. Asiyejua kitu akakabidhiwa kwa aliyekijua jana.

Kuna kikao ambacho ningetoa nauli nikakishuhudie, kama wangeniruhusu. Kila wiki, wakishapanga kazi, wenza hukaa wakakaguana: kila mmoja amwambie mwenzake anachokithamini kwake, kisha aulize ni wapi yeye mwenyewe ajirekebishe. Mwongozo wao, Hubiri Injili Yangu, unaagiza hivyo. Sasa fikiria vijana wawili, mmoja wa Utah na mwingine wa Tonga, wameketi kwenye meza ya jikoni huko Bordeaux. Mmoja anaanza kwa upole kwamba anathamini bidii ya mwenzake katika kujifunza Kifaransa. Kimya kidogo. Halafu linaingia suala la sufuria lililolowekwa tangu Jumanne, kisha la mtu anayekoroma, kisha la mtu anayesahihisha Kifaransa cha mwenzake mbele ya wenyeji. Mwisho wanapiga magoti na kusali pamoja, na anayesali anajua kabisa kwamba mwenye sufuria anasikiliza. Watu wa miaka 40 waliooana kwa mapenzi hawawezi kufanya hivyo kila wiki.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, hautokani na sufuria. Unatokana na bidii. Mmoja anataka kutoka saa 4 kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Mwingine yuko mwezi wa 23, akilini ameshafunga mizigo na anawaza chuo na msichana aliyemwacha. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kutoka peke yake, mvivu mmoja hulaza wawili, na mwenye juhudi mmoja huchosha wawili. Kila mmoja ni askari na mfungwa wa mwenzake kwa wakati mmoja. Nadhani aliyebuni mpango huu aliwajua vijana vizuri, au alikuwa na watoto wa kiume wengi.

Kila wiki kuna hesabu ya kupeleka juu: wangapi wapya wamefundishwa, wangapi wamefika ibadani, wangapi wamepanga tarehe ya kubatizwa, wangapi wamebatizwa. Kanisa lilishaonja uchungu wa tarakimu zinapopewa usukani. Uingereza, kuelekea na baada ya mwaka 1960, wamisionari walianzisha timu za besiboli za wavulana, na kuzama majini kukawa kama ada ya kujiunga na timu. Wengi hawakujua wameingia kanisani, na wazazi wao ndio kabisa. Baadaye majina kwa maelfu yalifutwa kwenye vitabu, kazi ambayo haikuwa na shangwe kama ile ya kuyaandika.

Zamani sauti ya mama ilisikika mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Kwingine kote ilikuwa barua, baadaye baruapepe. Mwaka 2019 vijana wakaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki siku ya maandalizi, na baadhi ya wazee waliohudumu enzi za barua walinung'unika kwamba misheni imekuwa laini. Sikubaliani nao. Chini ya utaratibu wa kale, kijana aliyeelemewa alikuwa na mtu mmoja tu wa kumlalamikia, naye mara nyingi ndiye aliyekuwa lalamiko lenyewe. Kanisa sasa lina kijitabu cha kumsaidia mmisionari kupima msongo wake kwa rangi, kijani, njano, chungwa hadi nyekundu. Hata hivyo wapo wanaorudi kabla ya muda, na kupokewa uwanja wa ndege na ukoo usiojua kama ulete maputo ni adhabu ambayo hakuna kitabu kinachoiagiza.

Huku kwetu sura ya wawili hao imebadilika. Hadi Juni 1978 kanisa hili liliwazuia wanaume weusi wenye asili ya Afrika wasipewe ukuhani, na kwa hiyo Afrika yetu ilikuwa karibu haimo katika ramani ya misheni. Nchini Kenya lilitambuliwa rasmi mwaka 1991. Leo anayekukuta nyumbani Nairobi au Lubumbashi anaweza kuwa Mmarekani aliyepangwa na Mkongomani, na hapo mizani ya ugeni inageuka. Mkongomani anajua kufua kwa mkono, kupatana bei, na kutambua mwenye nyumba anaposema "karibuni siku nyingine" anamaanisha nini. Tatizo linalowapata wote wawili ni chai. Majani ya chai yamekatazwa kama kahawa, na kumwambia mama wa Kikenya aliyekwisha kuchemsha maziwa kwamba hunywi ni kazi inayohitaji roho zote mbili.

Miaka ikiisha, kiongozi wa kigingi, yaani kundi la makanisa ya eneo la kwao, humwondolea wito, kibao hukaa kwenye droo, na ushauri unaofuata mara nyingi ni kusoma na kutafuta mchumba. Anarudi na lugha aliyoipata mdomoni mwa watu, na ngozi iliyokomaa. Kampuni za Utah zinazouza ving'ora vya nyumbani, dawa za wadudu na paneli za sola zimelijua hilo siku nyingi, na kila kiangazi huwaajiri vijana hawa kwa wingi. Aliyezoea kufungiwa mlango kwa ajili ya wokovu hababaiki kufungiwa kwa ajili ya mende, hasa akilipwa kamisheni.