Minyoo ya Macho ya Kuku katika Bonde la Kilombero: Tiba ya Jicho na Tiba ya Banda

1.0 Utangulizi

Katika Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero, kuku wa asili hufugwa huria: hujitafutia chakula mchana na kulala bandani usiku. Kwa kaya inayosubiri mavuno ya mpunga, kuku ni akiba ya dharura, inayouzwa mgonjwa anapopelekwa hospitali au mtoto anapohitaji sare ya shule. Kuku huyo akipofuka hawezi kudonoa wala kumkwepa mwewe. Makala hii inafafanua chanzo kimoja cha upofu huo ambacho ni rahisi kutotambuliwa, yaani minyoo ya macho, na kueleza kwa nini tiba yake haikamiliki bila kushughulikia sakafu ya banda.

2.0 Mzunguko wa Maisha ya Minyoo

Mnyoo huyu, Oxyspirura mansoni, ni mwembamba, mweupe, wenye urefu wa takribani sentimita 1 hadi 2. Huishi chini ya kope la tatu la ndege katika nchi za joto. Mayai yake hupita kwenye mfereji wa machozi, humezwa na kuku na kutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo huliwa na mende aitwaye Pycnoscelus surinamensis, anayejichimbia katika udongo na matandazo yenye unyevu. Ndani ya mende, lava hukua kwa takribani siku 50. Kuku anapomdonoa mende, lava hutoka katika gole, hupanda kooni hadi kinywani, kisha huingia jichoni kupitia mfereji uleule wa machozi.

Hivyo basi, maambukizi hayatoki moja kwa moja kwa kuku mmoja kwenda kwa mwingine. Ni lazima yapitie kwa mende. Katika bonde ambalo mvua za masika hulowesha sakafu za udongo, na pumba za mpunga hutumika kama matandazo, makazi ya mende huyo hupatikana kwa urahisi.

3.0 Utambuzi

Kuku aliyeathirika hutoa machozi, hupepesa kope na kujikuna jicho mara kwa mara. Baadaye kope hugandamana, na uchafu mweupe kama jibini hujikusanya chini yake. Dalili hizi hufanana na za mafua makali ya kuku, ndui na upungufu wa vitamini A. Kutokana na mfanano huo, mfugaji huweza kununua antibiotiki ya kuchanganya katika maji, ilhali dawa hiyo haiui minyoo. Kinachotofautisha ni kufunua kope la tatu kwa uangalifu na kuona minyoo ikijinyonganyonga.

4.0 Tiba na Udhibiti

Tiba ya jicho ni kazi ya mtaalamu wa mifugo. Hutia dawa ya ganzi, huinua kope la tatu na kuondoa minyoo kwa kibano, au huiua kwa tone moja au mawili ya kresoli ya asilimia 5, kisha huosha jicho papo hapo kwa maji safi na salama. Mfugaji asijaribu kresoli mwenyewe, kwa kuwa huunguza. Jicho lisiloharibika sana huanza kupata nafuu ndani ya siku 2 hadi 3. Mtaalamu akichagua dawa ya minyoo inayoenea mwilini, mfugaji aulize ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe.

Aidha, kuku aliyetibiwa akirudishwa katika banda lenye mende ataambukizwa tena. Matandazo yaliyolowa yaondolewe, kinyesi kifagiliwe mara kwa mara, nyufa za sakafu zizibwe na paa linalovuja lirekebishwe. Sakafu ya chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini husaidia zaidi.

5.0 Hitimisho

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo kila kuku hushikwa mkononi na jicho lake hutazamwa. Hiyo ndiyo fursa ya ukaguzi isiyohitaji gharama ya ziada. Kuku mwenye jicho bovu atengwe, atibiwe, kisha achanjwe akishapona. Wachanjaji wa vijiji wakifundishwa kutazama chini ya kope la tatu, minyoo itagunduliwa kabla jicho halijapotea.