Kuandika Hadithi ya Mapenzi ya Dunia Mbili

Wanafunzi wengi hapa shuleni hupenda kuandika hadithi, nami ni mmoja wao. Mwaka jana nilianza hadithi ya mfululizo juu ya dunia mbili zilizo sambamba, yaani zinazokwenda pamoja bila kukutana, kama reli za garimoshi. Kijana wa dunia hii aliona mlango, akavuka, akampenda msichana wa ng'ambo. Mwisho wa sehemu ya pili msichana alikufa, na wenzangu bwenini wakasikitika sana. Katika sehemu ya tatu nikamleta kutoka dunia nyingine msichana aliye sawa naye kwa sura na kwa jina, wakaoana. Rafiki yangu akanirudishia daftari akasema, "Kumbe nililia bure!" Tangu siku ile nimekuwa nikichungua ni kitu gani kinachozishika hadithi za namna hii zisianguke.

Nchi ya kubuni si jambo geni kwetu. Kila aliyesoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, anaijua nchi ile iliyo angani. Lakini dunia sambamba si nchi ya mbali. Ni hii hii yetu iliyoshika njia nyingine. Wataalamu nao wamelifikiria jambo hili. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett alitoa hoja ambayo kwayo, pale ambapo chembe ndogo kabisa ingeweza kuonekana hapa au pale, yote mawili hutokea, kila moja katika tawi lake. Si wanafizikia wote wanaokubali, wala hoja hiyo haitupi mlango wa kupita kutoka tawi hadi tawi. Mlango huletwa na mwandishi, na kwa kuwa ameuleta yeye, hana budi kuuwekea sheria.

Mfano bora niujuao ni vitabu vitatu vya Philip Pullman wa Uingereza: Northern Lights (1995), The Subtle Knife (1997) na The Amber Spyglass (2000). Lyra ametoka Oxford ambayo si ya dunia yetu. Huko roho ya mtu huonekana nje ya mwili wake kwa umbo la mnyama. Will ametoka dunia hii tuijuayo, naye hupata kisu kinachokata hewa na kufungua njia toka dunia hata dunia. Msomaji hufurahi, akidhani kwamba sasa yote yatawezekana. Lakini katika kitabu cha pili tunamwona baba yake Will, aliyekaa miaka mingi katika dunia ya Lyra, naye ni mgonjwa. Tunaona pia mazimwi yanayokula roho za watu wazima. Tunapita tu. Karibu na mwisho wa kitabu cha tatu, watoto hawa wakiwa wamekwisha pendana, ndipo tunapoambiwa kwamba mtu akikaa nje ya dunia yake miaka kama kumi hudhoofika na kufa, na kwamba kila tundu linalokatwa kwa kisu huzaa zimwi. Hawana budi kuachana. Wanapatana kwamba kila mwaka, katikati ya kiangazi, saa sita mchana, wataketi kwenye benchi moja katika Bustani ya Mimea ya Oxford, kila mmoja katika dunia yake.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu, wala sioni haya kusema hivyo. Sheria haikuzuliwa mwishoni ili tutokwe na machozi. Tulikuwa tumeiona kwa macho yetu katika mwili wa mzee mgonjwa, tusiitambue.

Basi mimi kosa langu lilikuwa kwamba mlango wangu haukuwa na bei. Tena nilisahau kwamba mtu aliye sawa kwa sura si yule yule. Msichana wa pili hakuwahi kuketi na kijana yule chini ya mwembe, wala hakujua kwa nini alikuwa akimtazama vile.

Daftari nimelirudia. Sasa kila avukaye mlango husahauliwa kabisa na mtu mmoja aliyemwacha nyuma. Katika sehemu ya kwanza kijana anarudi nyumbani, na mbwa wake anambwekea kama mgeni. Yeye anacheka tu. Atavuka mara mbili zaidi. Mama yake yuko, na msichana yuko.