Nyumba Mpya au Kuukuu: Mizani ya Mnunuzi wa Igoma

Ilipozama meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na wengi katika waliofariki wakazikwa Igoma, mahali hapa palikuwa bado pembezoni mwa Mwanza. Leo mji umekwisha kupapita ukielekea Kisesa, na mnunuzi huoneshwa katika asubuhi moja nyumba ambayo rangi yake haijakauka sawasawa na nyingine ambayo bati lake limeiva kutu. Aghalabu jicho huiendea ile mpya, wala sistaajabu: vigae sakafuni, jipsamu darini, madirisha ya aluminiamu na choo cha ndani vina haiba yake, na mama mwenye nyumba akisha kuviona, shauri limekwisha. Lau ningeulizwa mimi, ningesema aanze kwa ile kuukuu.

Sababu yangu ni ardhi yenyewe. Mwanza ni mji wa majabali, na si ajabu nyumba ikawa na upande mmoja wa msingi uliokaa juu ya mwamba na upande wa pili juu ya kifusi kilichomwagwa ili kusawazisha kiwanja. Kifusi hicho, kisiposhindiliwa barabara, hushuka kidogo kidogo kila kinapolowa, ilhali mwamba hausogei, na hapo ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Nyumba iliyopigwa na masika ishirini imekwisha kutoa aibu zake hadharani. Ile mpya bado imezifunika kwa lipu. Dalali naye, kwa kuwa ana akili, atakupeleka Julai, jua likiwaka. Rudi peke yako Aprili au Novemba, mvua ikiwa imetoka kunyesha, utazame tope limeacha mstari wapi ukutani na maji ya jirani wa juu yanapita mlango wa nani. Ufa mwembamba kama unywele hauna neno. Ule upokeao ncha ya kidole, ukapanda hata darini, uulizie kwa fundi asiyejuana na muuzaji.

Kenchi zilizoliwa na mchwa, nyaya za umeme zilizochoka na bati linalovuja ni gharama, lakini ni gharama ihesabikayo, nayo hukatwa katika bei. Balaa ya nyumba kuukuu iko kwingine: mwenyewe huenda alikwisha kufariki, na anayekuuzia ni mmoja tu wa watoto, asiye na uteuzi wa mahakama wa kusimamia mirathi. Hata akiwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake. Kwa nyumba mpya, mara nyingi kiwanja kimemegwa juzi katika shamba, na hati yote ni karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Usilipe kabla ya kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi.

Tena itazame miaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, nawe hupewa haki ya kuikalia kwa muda, usiozidi miaka 99. Hatimiliki ya miaka 33 iliyotolewa 1996 itakoma 2029. Anayeinunua nyumba hiyo leo hununua salio, pamoja na kazi ya kuomba upya, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei ambayo dalali hataitaja.