Hataza ya NASA na friji ya insulini ya Kizimkazi

Bibi mmoja wa Kizimkazi Dimbani, anayejidunga insulini kwa mwaka wa saba sasa, aliniletea picha kwa simu ya mjukuu wake. Kijiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, kitaa cha kijani mbele, na ubavuni maandishi yaliyojaa makeke: teknolojia ya NASA, hataza ya Marekani namba 4,052,648, hupunguza umeme kwa nusu, hulinda friji na afya ya familia. Mchuuzi alimhakikishia mjukuu kwamba kikichomekwa jirani na friji dawa haitaharibika hata umeme ukiyumba, maana "kimeshapasishwa na serikali ya Marekani". Mjukuu akalipa shilingi 45,000.

Nikampigia bibi. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za wajukuu mmoja baada ya mwingine, akauliza: "Mwanangu, hiyo namba ni ya kweli au wamejitungia?"

Namba ni ya kweli, na hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe. Barua za namna hii zimejaa mezani kwangu: inveta, stebilaiza, vidude vya "kusafisha umeme", vyote vina neno hataza kwenye boksi, na wasomaji wanalisoma kama vile ni muhuri wa daktari. Bibi naye ana mtoto Maskati aliyeahidi kumletea inveta, na katika zile tatu alizomtumia picha zake achague, mbili zinajinadi kwa hataza.

Hofu yenyewe ya umeme kukatika siidharau. Mei 2008 hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarudi, safari hii mpaka Machi 2010. Mchumi Alfredo Burlando aliyachambua madhara ya giza la 2008 kwa kutumia kumbukumbu za wodi ya wazazi, na mwaka 2014 akachapisha kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi, akakisia kwamba sababu kubwa ni kuanguka kwa vipato vya waliotegemea umeme. Aligundua pia kwamba vizazi viliongezeka miezi 8 hadi 10 baadaye. Kwa hiyo ule utani wa barazani kuhusu "watoto wa giza", ambao miaka yote nimekuwa nikiukemea, umo kwenye takwimu. Nimenywea. Ila dai kwamba inveta inaua nguvu za kiume halimo popote, na tafadhali msiniandikie tena.

Turudi kwenye namba. Hataza 4,052,648 ilitolewa tarehe 4 Oktoba 1977 kwa kazi ya mhandisi Frank Nola wa kituo cha NASA cha Marshall, kule Alabama. Alichogundua ni kitu kizuri mno. Mota ya kawaida, hata ikizunguka bila kazi, inaendelea kuvuta mkondo wa kujenga usumaku wake, na mkondo huo unachelewa nyuma ya volteji. Mota ikiwa nyepesi, uchelewaji ni mkubwa. Ikibebeshwa kazi, uchelewaji unapungua. Nola akaona kwamba uchelewaji huo ni mdomo wa mota: unakuambia imechoka au inazurura. Akaupima, na kwa kidude kiitwacho triaki akawa anakata kipande cha kila nusu wimbi, ili mota inayozurura ipate volteji ndogo, na kazi ikija irudishiwe volteji yake yote papo hapo. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50, uamuzi huo ungefanywa mara 100 kila sekunde. Hupimi mzigo, hupimi kasi. Unasikiliza uchelewaji tu. Kila nikisoma michoro ile nakumbuka kwa nini nilipenda fizikia skuli.

Sasa angalieni kijiboksi cha bibi. Triaki ya Nola inakaa katikati ya njia, baina ya umeme na mota, kila tone la mkondo lipite mikononi mwake. Kijiboksi kinachomekwa kwenye soketi ya pembeni. Mkondo wa friji haupiti ndani yake hata kidogo. Kitakata nini? Waliovipasua vidude vya aina hii hukuta kapasita, vipande viwili vitatu vya kuwasha kitaa, basi. Kapasita inaweza kupunguza ule mkondo unaochelewa, lakini mita yako ya Tukuza haihesabu mkondo huo, inahesabu uniti za umeme uliotumika. Na hata angeuziwa kifaa halisi cha Nola, kompresa ya friji ikiwaka huwa inafanya kazi karibu ya uwezo wake, na ikimaliza inazima. Muda wa kuzurura haina. Juu ya hayo, hataza yenyewe ilikwisha muda wake mwaka 1994. Mchuuzi ameazima jina la marehemu.

Niwaeleze basi hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, inachunguzwa vipi, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Hataza ina maelezo marefu na michoro, lakini haki yenyewe imo kwenye sentensi chache mwishoni ziitwazo madai. Tuseme fundi anaomba hataza ya inveta na dai lake linasomeka hivi: njia ya kudhibiti kigeuzi-umeme, yenye kupima mkondo unaotoka, kuulinganisha na kikomo, na kuufinya mkondo unapozidi kikomo hicho, *ambapo* kikomo hupandishwa kwa muda mfupi mota inapoanza kuzunguka.

Mchunguzi analichinja dai hilo vipande. Kupima mkondo? Kuna waraka wa zamani unaoeleza. Kulinganisha na kikomo? Umo humo humo. Kilichobaki ni kilichokuja baada ya "ambapo". Hapo anauliza: tofauti hii inaleta faida gani ya kiufundi? Inaiwezesha inveta ndogo kuiamsha kompresa, ambayo wakati wa kuanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Vizuri. Je, mhandisi wa kawaida, mwenye ule waraka wa kwanza na mwingine wa pampu za maji zinazoanza kwa namna hiyo hiyo, asingefika hapo mwenyewe bila kutoa jasho? Kama angefika, hakuna hatua ya uvumbuzi, na dai linaanguka. Halafu anarudi kwenye maneno: "muda mfupi" ni muda gani? Sekunde moja? Mizunguko mitatu ya wimbi? Ombi linarudishwa likaandikwe upya. Na mwombaji akiandika tu "njia ya kudhibiti inveta ili friji ipoe vizuri", huyo ameomba kumiliki matokeo bila kusema ameyapataje, na mchunguzi hamwachii.

Mambo anayoyapima ni haya: kitu ni kipya, kina hatua ya uvumbuzi, kinaweza kutengenezwa na kutumika, na kimeelezwa kiasi cha kumwezesha fundi mwingine akitengeneze. Hakuna mahali anapouliza kama kinaunguza nyumba. Kwa kawaida hakigusi kifaa chenyewe, anasoma karatasi. Isipokuwa ukimletea mashine ya kutoa umeme bila kuingiza nishati yoyote. Hiyo inakataliwa kwa sababu haiwezi kufanya kazi, na ofisi ya Marekani inaweza kukudai uilete uiwashe mbele yao. Wauza mashine hizo husema wamekataliwa kwa njama za makampuni ya mafuta. Wangeiwasha basi.

Tena hataza haivuki bahari yenyewe. Ya Marekani ni ya Marekani. Hata ndani ya Muungano, haki hizi hazimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano: Bara wana sheria yao ya mwaka 1987 na wakala wao wa usajili, BRELA, sisi tuna Sheria ya Mali za Viwandani ya Zanzibar namba 4 ya mwaka 2008 na wakala wetu wa usajili, BPRA. Kuna pia ARIPO kule Harare, inayochunguza ombi moja kwa niaba ya nchi kadhaa chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, na kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema haitaki. Na kwa wale wenye mashine za "kutibu sukari kwa mawimbi" zenye hataza: sheria ya Bara, kama za nchi nyingi, haitoi hataza kwa njia za kutibu mwili wa binadamu. Mashine inaweza kupata hataza kwa namna ilivyoungwa waya. Uponyaji haumo humo.

Inveta ya Maskati je? Hiyo ni kitu cha kweli, na hapa mniwie radhi nitarefusha. Betri ya volti 12 inatoa umeme ulionyooka kama mshipi wenye samaki. Friji inataka umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, wa volti 230, ambao kilele chake ni volti 325. Inveta nzuri kwanza inapandisha volteji kupita kilele hicho, bado umeme umenyooka, kisha transista nne zinaukatakata. Fikirieni mfereji wa maji usioweza kufunguliwa nusu: ama wote ama hakuna. Chini yake weka ndoo yenye tundu. Ukiufungua nusu ya muda na kuufunga nusu ya muda, upesi upesi, maji yanayotoka tunduni ni kama ya mfereji uliofunguliwa nusu. (Mafundi umeme wamegeuza maneno: swichi "iliyofunga" ndiyo inayopitisha. Mambo yao hayo.) Transista zinafungua na kufunga kiasi cha mara 20,000 kwa sekunde. Ndani ya nusu wimbi moja, yaani sehemu ya mia ya sekunde, inaingia mipigo 200: myembamba mwanzoni, minene katikati, myembamba tena mwishoni. Koili na kapasita za mlangoni ndizo ndoo. Zinailainisha mipigo, na kinachotoka ni wimbi linalojaa taratibu na kupwa taratibu.

Udhibiti ni kuamua unene wa kila mpigo kwa kutazama kilichotoka mlangoni punde tu. Na kuna nukta moja ya hatari: transista mbili za upande mmoja zisipitishe kwa pamoja kamwe. Baina ya moja kufunga na nyingine kufungua huachwa mwanya, pengine sehemu ya milioni ya sekunde. Mwanya ukiwa mdogo mno, umeme unapita moja kwa moja toka juu hadi chini na transista zinapasuka kabla fyuzi haijajua kuna nini. Ukiwa mkubwa mno, wimbi linapinda. Madai mengi ya hataza za vigeuzi-umeme yanagombania mwanya huo na unene wa mipigo hiyo.

Inveta za bei poa zinaruka kazi yote hiyo: zinatoa wimbi la ngazi, juu, sifuri, chini, sifuri. Taa haijali. Kompresa inajali, kwa sababu wimbi la ngazi limebeba ndani yake mitetemo ya 150 na 250 kwa sekunde ambayo haimsaidii mtu kupoza kitu, inapasha waya za mota moto. Friji inanguruma, inachemka, na miezi michache baadaye fundi anaambiwa "imekufa ghafla".

Ushauri, haraka, nafasi inakwisha. Chukua inveta ya wimbi laini, na uulize inahimili kiasi gani kompresa inapoanza, na inajizima betri ya volti 12 ikishuka mpaka ngapi. Isiyojizima inaiua betri. Tafuta alama ya ubora ya ZBS, taasisi yetu ya viwango, kabla ya kutafuta hataza. Insulini isiyofunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ikigusana na barafu ikaganda, itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Kichupa kinachotumika kwa kawaida huvumilia kama wiki nne nje ya friji pasipozidi nyuzi 25 au 30, kutegemea karatasi yake, isome. Mtungi wa udongo wenye maji unasaidia, ila unyevu wa hewa ya Kizimkazi unaupunguzia nguvu, maana ubaridi wake unatokana na maji kukauka. Usifungue mlango wa friji kila dakika umeme ukikatika. Jenereta haiwekwi ndani ya nyumba. Vituo vya afya vina chaguo bora zaidi, friji za chanjo zinazoendeshwa na sola moja kwa moja, zinazohifadhi ubaridi kwenye barafu badala ya kutegemea betri. Na nunua kipimajoto cha friji.

Nilimaliza kumweleza bibi haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza nyinyi. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo namba ya kweli, kitu cha uongo?" Nikamwambia ndivyo. "Na kitaa?" Kitaa kinafanya kazi, nikasema, kikizimika ujue umeme umekatika.

Juzi usiku mjukuu amenitumia picha nyingine. Kipimajoto kwenye rafu ya kati, nyuzi 5. Kijiboksi kimechomolewa, na soketi ile sasa inachaji simu.