Kompyuta Ikikataa Kuamka: Habari ya Kuokoa Maandishi Yaliyomo

Watu wengi, waonapo kompyuta imekataa kuwaka, hushika kichwa na kusema kwamba kazi yao yote imepotea. Nimeyasikia maneno hayo ofisini, nimeyasikia kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu, na hata kwa wenye vibanda vya kuchapa barua hapa Kimandolu, kando ya barabara iendayo Moshi. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Fizikia, kila kitu chenye waya huletwa mezani kwangu, pasi na birika pia, nami nimeona yafaa niandike habari hii katika gazeti letu, ili msomaji ajue kitu gani kimekufa na kitu gani kingali hai.

Kwanza ni lazima kufahamu maandishi hukaa wapi. Ndani ya kompyuta mna vyombo vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotuhusu. Kimoja ni ramu, nacho hushika yale mtu anayoyaandika sasa hivi. Umeme ukikatika, husahau yote papo hapo. Cha pili ni diski, nayo hushika maandishi hata ikikaa mwaka mzima kabatini bila umeme. Basi kompyuta isipowaka, aghalabu ugonjwa uko katika vyombo vingine kabisa, au katika Windows, ambayo ndiyo programu ya kuiamsha mashine. Ni kama kihenge cha mahindi ambacho mlango wake umekwama. Mwenye njaa akiutazama mlango atalia, lakini mahindi yamo ndani, kilo kwa kilo, kama alivyoyaweka.

Chombo hiki diski kina historia ya kupendeza. Diski ya kwanza ya kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na kabati lake lilikuwa kubwa kuliko kabati la nguo. Walakini uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi picha mbili nzuri za simu. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizi nchini. Wazee waliokuwa makarani siku hizo hawakushangaa sana. Marufuku hiyo imekwisha zamani, na sasa hata ofisi ya shule haiwezi kufanya kazi wiki moja bila kompyuta.

Diski nyingi zilizomo katika mashine za shule bado ni za sahani. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea, bila kuigusa, kwa umbali ulio mdogo mno kuliko unene wa unywele. Msomaji aliyekwisha ona vumbi la Kimandolu mwezi wa Septemba ataelewa kwa nini diski haifunguliwi mezani kwa bisibisi: punje moja ya vumbi kwa kichwa hicho ni kama jiwe kubwa barabarani. Diski mpya hazina sahani wala kitu chochote kinachozunguka, kwa hiyo huvumilia mitikisiko, lakini zikifa hufa ghafula bila kutoa sauti ya kuonya.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Ukibonyeza kitufe, na taa isiwake wala feni isizunguke, tatizo ni la umeme: soketi, waya, adapta, au kile kisanduku cha kugawa umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Chomoa waya, ubonyeze kitufe kwa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke, kisha urudishe. Ikiwa feni yazunguka lakini kioo ni cheusi, au mashine yalia milio mifupi, mara nyingi ramu imelegea au miguu yake imeingia uchafu. Ichomoe, ufute miguu yake polepole kwa raba ya penseli, uirudishe barabara mpaka isikike imekaa. Nimeona mashine zaidi ya tano zikipona kwa raba hiyo ya shilingi chache. Ikiwa maandishi meupe yanatokea na kusema kwamba Windows haikuonekana au imeharibika, basi mashine ni nzima kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo watu wengi hupoteza kazi zao kwa haraka.

Maana haraka yenyewe ni hii. Katika muhula uliopita umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Mashine ya ofisi ya taaluma haikuamka. Ndani yake mlikuwa na alama za maendeleo za watahiniwa wote wa Kidato cha Nne, za mihula yote tangu walipoingia Kidato cha Tatu, nazo zilikuwa zikingojewa zipelekwe Baraza la Mitihani. Karatasi za awali hazikuwapo zote, na walimu wawili waliokuwa wametoa alama hizo walikwisha hamishiwa mikoa mingine. Karani alinijia amesimama mlangoni, hata kukaa hakutaka.

“Shikamoo Mwalimu. Mashine imekufa.”

“Marahaba. Alama zimo humo humo?”

“Zimo humo tu, Mwalimu.”

Fundi mmoja kijana aliitwa, akaitazama, akasema kwa upole kabisa, “Mwalimu, hii tunapiga Windows upya tu, nusu saa imekwisha.” Hakusema uongo, mashine ingewaka kweli. Lakini kupiga Windows upya, kwa namna wanavyofanya wengi, ni kuifomati diski kwanza, yaani kusafisha kihenge ili mlango ufunguke vizuri. Nilimwuliza kama alama zitakuwapo baada ya hapo, naye kwa uungwana akaweka chini kidiski chake. Ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie jambo hili kwa maneno wazi kabla hajaishika, kwa sababu kazi uliyompa ni kuiwasha, na asipoambiwa habari ya maandishi hana sababu ya kuyafikiria.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tulitafuta kompyuta nyingine nzima na flashi tupu ya gigabaiti 16, tukaiwekea programu iitwayo Ubuntu, ambayo ni ya bure, nayo huweza kuamsha kompyuta badala ya Windows. Flashi ya gigabaiti 8 ingetosha, ila bando la kuteremsha programu hiyo si dogo, kwa hiyo afadhali kazi hii ifanywe mapema na si siku ya msiba. Kisha tuliichomeka katika mashine mgonjwa, tukaiwasha huku tukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuamkia. Katika mashine za Dell na nyingi za Lenovo ni F12, katika HP ni F9. Ubuntu ikiamka itakuuliza: wataka kujaribu, au kuiweka moja kwa moja? Hapa mtu awe macho. Chagua kujaribu. Ukichagua ile ya pili na kuendelea bila kusoma, waweza kuifuta diski kwa mkono wako mwenyewe.

Kioo kilipokaa sawa, tulifungua diski ya Windows kama mtu afunguavyo kabati, tukaingia katika folda iitwayo Users, kisha katika jina la mtumiaji, kisha Desktop na Documents, maana huko ndiko makarani wote duniani huweka kazi zao. Mafaili 11 ya alama yalikuwapo. Tuliyanakili katika flashi ya pili, na tukayafungua moja moja katika kompyuta nyingine kabla ya kuigusa diski kwa jambo lingine lolote. Mafaili 10 yalifunguka. La Jiografia, ambalo lilikuwa wazi umeme ulipokatika, lilikataa. Kando yake palikuwa na faili lingine dogo lenye jina lile lile, lakini limetanguliwa na alama ~$, na karani alifurahi alipoliona. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu faili la namna hiyo huonyesha tu kwamba mtu alikuwa amefungua kazi. Alama zenyewe hazimo. Bahati njema mwalimu wa Jiografia ni mtu wa kale, huandika kila kitu kwa penseli katika daftari lake, na karani alikaa jioni mbili akizinakili upya.

Kama mashine haiwaki hata kwa flashi, diski hutolewa na kupelekwa kwenye kompyuta nyingine. Wenye maduka ya vifaa mjini huuza kasha la diski lenye waya wa kuchomeka kama flashi. Diski ndogo za kompyuta mpakato, zenye upana wa inchi 2.5, hupata umeme kwa waya huo huo, lakini zile kubwa za inchi 3.5 za kompyuta za mezani hudai adapta yao wenyewe, na mtu akisahau kuinunua atarudi nyumbani kudhani kwamba diski imekufa. Waweza pia kukutana na mlango wa namna nyingine: diski yaonekana, lakini yadai ufunguo wa tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows. Hakuna fundi wa kuivunja. Ufunguo hutafutwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au katika karatasi aliyoiandika siku ya kwanza kama aliandika.

Imebaki hali moja mbaya. Ukisikia ndani ya diski sauti ya kugonga, ta, ta, ta, kama saa iliyoharibika, zima mashine mara moja. Kichwa kinagonga, na kila dakika unayoiacha inazunguka yaweza kukwaruza sehemu yenye maandishi. Watu hupeana dawa za ajabu, ati iweke katika friza usiku kucha, ati ipige kofi upande mmoja. Friza huleta unyevu juu ya sahani, na kofi sina la kusema. Diski ya namna hii hupelekwa kwa wenye chumba kisicho na vumbi na vyombo vya kazi hiyo, nao hutoza fedha nyingi. Kwa hiyo mwenyewe aamue kama yaliyomo yana thamani hiyo. Picha za harusi ya mama yake mtu huenda zikawa nayo. Mitihani ya majaribio ya mwaka juzi haina.

Alama zilifika Baraza siku mbili kabla ya mwisho. Diski ile ilipimwa, ikaonekana nzima, na yule fundi kijana akapiga Windows yake kwa nusu saa kama alivyosema. Sasa kila Ijumaa saa nane karani hunakili mafaili ya alama katika flashi mbili, moja hukaa kwa Mkuu wa Shule na nyingine kwa mwalimu wa taaluma, na mwisho wa muhula huchapwa katika karatasi. Flashi yenye Ubuntu imo katika droo ya kwanza ya maabara ya Fizikia, imefungwa utepe mwekundu. Mwalimu au mwanafunzi mwenye shida aje kuiazima, ila asaini daftari na kuirudisha kabla ya kengele ya jioni.