Zambia Ilivyojaribiwa, 2001
Desemba 2000, mji wa Pweto, ulio upande wa Kongo kaskazini mwa Ziwa Mweru, uliangukia mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Rwanda. Maelfu ya raia walivuka mpaka kuingia Zambia, na pamoja nao askari wa serikali ya Kongo, ambao walinyang'anywa silaha. Kwa wavuvi wa Nchelenge, vita vilikuwa ng'ambo ya maji tu.

Wakati huo huo wafuasi wa Rais Chiluba, mwana wa mkoa huo wa Luapula, walitaka agombee kipindi cha tatu, jambo lililokatazwa na Katiba. Makanisa, wanasheria, hata baadhi ya mawaziri wake walipinga. Mei 2001 akatangaza kuwa hatagombea.

Desemba hiyo Levy Mwanawasa alishinda kwa kura zisizofika 30 katika kila 100. Ushindi mwembamba mno, naam, na wapinzani waliukataa. Lakini mwaka 1997 Kapteni Steven Lungu alikuwa ameiteka redio ya Taifa kwa saa chache. Safari hii malalamiko yalipelekwa mahakamani. Hukumu ilitolewa mwaka 2005, majeshi yakiwa kambini.